Mtoto mwenye mzio wa kamba: sindano kwanza, kidonge baadaye

Wazazi huniuliza, "Dakta, hakuna dawa ya kuumaliza kabisa mzio huu?" Tiba mpya zipo, nitazitaja. Lakini mimi huanza na swali langu: nyumbani mna sindano ya adrenalini?

Mtoto akila kitu, kisha akatoka mabaka, akavimba midomo na kuanza kukohoa, kutapika mfululizo, kuhema kwa shida au kulegea, hapo dawa ni adrenalini. Hupigwa kwenye nyama ya paja, upande wa nje, 0.01 mg kwa kila kilo ya uzito, na hurudiwa baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Mlaze, kama pumzi zinambana, mkalishe, ila asisimame. Setirizini, kidonge cha mzio, hupunguza muwasho tu, haifungui koo. Kalamu za sindano zenye dozi tayari ni adimu kwetu, kwa hiyo nawafundisha wazazi kuvuta dawa kwa bomba kutoka kwenye kichupa. Ukiishi visiwa kama Tumbatu au Kojani, ambako safari ya hospitali huanza na chombo, jifunze kabla hayajakufika.

Protini inayosumbua kwenye kamba, tropomiosini, imo pia kwenye kaa, na inayofanana nayo imo kwenye pweza na ngisi. Moto hauiharibu, kwa hiyo kuchemsha sana hakusaidii, na chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta yaliyokaangia kamba si salama. Changu na jodari wana protini nyingine. Mtoto mwenye mzio wa kamba mara nyingi huwala bila tabu, basi asinyimwe kabla hajachunguzwa. (Jodari aliyekaa juani ni kesi nyingine: hujaa histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio. Mkiwashwa uso nyote mliokula sinia moja, mshukuni samaki.)

Kipimo cha damu au cha ngozi peke yake hakitoshi. Huonyesha kwamba mwili unakitambua chakula, si kwamba lazima utadhurika. Nimepokea watoto waliokonda kwa kukatazwa maziwa, mayai na samaki kwa sababu ya karatasi ya maabara tu.

Sasa hizo tiba. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha unga wa njugu unaolishwa kwa dozi ndogo zinazopanda, kwa watoto wa miaka 4 hadi 17 wenye mzio wa njugu. Mwaka 2024 ikaidhinisha omalizumabu, sindano ya kudungwa kila wiki 2 au 4, kuanzia umri wa mwaka 1, kwa mzio wa vyakula mbalimbali. Zote husaidia kumkinga mtoto anapokula kidogo kwa bahati mbaya kile kinachomdhuru. Kamba ataendelea kuepushwa, na adrenalini haiondoki nyumbani. Tafadhali msijaribu wenyewe kumzoesha kamba jikoni.

Mtihani mkubwa ni sikukuu, mtoto anapopita nyumba hadi nyumba. Mwambieni bibi waziwazi, maana yeye ndiye atakayesema "kidogo tu hakimdhuru". Mwambieni na ustadhi wa chuoni. Mfuko wa dawa ubebwe na mtu mzima anayefuatana naye, usiachwe ndani ya gari juani, joto huiharibu adrenalini.