Telefoto ni nini, na milimita ngapi zinatosha Tsavo?

Mpwa wangu alirudi Malindi kutoka Tsavo Mashariki na picha arubaini za simba. Katika zote arubaini, simba anafanana na gunia la makaa lililosahauliwa chini ya mti. Simu ilikuwa nzuri, mpya, na ilijigamba kwamba inavuta mara mia. "Mjomba, safari ijayo nataka kamera ya telefoto," aliniambia. "Ile ya kuvuta mpaka mwisho." Nikamuuliza mwisho wenyewe ni wapi. Akacheka. Alikuwa tayari kuvunja kibubu kununua kitu ambacho hakukijua.

Simlaumu. Neno "kuvuta" ndilo linalotupoteza. Linatufanya tudhani lenzi ina mkono mrefu unaokwenda kumchukua mnyama alipo na kumleta karibu. Lenzi haileti kitu. Inachofanya telefoto ni kuchukua kipande kidogo cha kilicho mbele yako na kukitandaza kwenye picha nzima. Simama ufukweni ukielekea Mnara wa Vasco da Gama. Lenzi ya milimita 50, kwenye kamera kubwa za wataalamu, inaona pembe ya nyuzi 47 hivi, kwa hiyo utapata mnara, mwamba, bahari na wavuvi wanaorudi. Weka ya milimita 300, pembe inabaki nyuzi 8. Bahari imekwenda, wavuvi wamekwenda, umebakiwa na msalaba wa jiwe ulio juu ya mnara. Wewe hujasogea hata hatua, ila vingine vyote vimeachwa nje.

Hizo milimita ndizo urefu wa fokasi, yaani umbali ambao lenzi inahitaji ili kukusanya miale kutoka mbali na kuifanya picha. Kadiri unavyokuwa mrefu ndivyo kitu kinavyochorwa kikubwa. Jina telefoto lina asili ya Kigiriki: mbali, na mwanga. Mafundi wakitaka kusema sawasawa, wanaita telefoto ile lenzi ambayo mwili wake ni mfupi kuliko urefu wake wa fokasi, kwa sababu nyuma yake wamepanga vioo vinavyofupisha safari ya mwanga. Mmoja wa waliouandikia hataza mpango huo, mnamo 1891, ni Thomas Dallmeyer wa London. Bila ujanja huo, lenzi ya milimita 600 ingekuwa bomba la zaidi ya nusu mita. Kwa mazungumzo ya kawaida, kila lenzi ndefu tunaiita telefoto, na mimi sitagombana na mtu kwa hilo.

Lakini nitagombana kuhusu zumu. Zumu ni lenzi inayobadilisha urefu wake wa fokasi, na telefoto ni lenzi yenye urefu huo mkubwa. Lenzi ya 24 mpaka 70 ni zumu na si telefoto. Lenzi ya 300 isiyobadilika ni telefoto na si zumu. Na ile "mara 83" iliyoandikwa kwenye boksi la kamera fulani haisemi kwamba mnyama atakuwa karibu mara 83. Ni urefu mkubwa uliogawiwa kwa urefu mdogo, basi. Kuhusu simu ya mpwa wangu, ile mara mia nyingi ni kukata picha na kuitanua kwa hesabu, kama mtu anayevuta unga wa chapati moja ufunike meza. Utafunika, lakini utaona meza.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe, milimita ngapi. Hesabu yake ni nyepesi na inashangaza kwamba wauzaji hawaipendi. Chukua urefu wa mnyama, zidisha kwa milimita za lenzi, gawanya kwa umbali alipo. Jibu ni ukubwa wake juu ya sensa, yaani kile kibao ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Kamera nyingi za bei ya wastani zina sensa ya takriban milimita 23.5 kwa 15.6.

Ndovu wa mita 3, aliye mita 50, kwa lenzi ya 300: 3 mara 300 ni 900, gawa kwa 50, unapata milimita 18. Sensa yenyewe ina kimo cha 15.6. Ndovu hatoshi! Utakata kichwa au miguu. Simba mwenye kimo cha mita moja begani, aliye mita 30, anachukua milimita 10, karibu thuluthi mbili ya kimo cha picha. Hiyo ni picha ya kutundika sebuleni. Lakini mchukue mdiria wa sentimita 15 aliyetua kwenye kijiti mita 15 kutoka kwenye gari. Anapata milimita 3 tu. Ndege mdogo kama yule anakula milimita kuliko ndovu, jambo ambalo mtu hulijua akiwa ameshafika.

Kwa hiyo jibu linategemea unamfuata nani. Ukiingia Tsavo kwa lango la Sala, kiasi cha kilomita 110 kutoka Malindi kwa njia ya Kakoneni na Langobaya, utawaona ndovu wenye rangi ya udongo mwekundu, twiga, nyati, choroa, swala twiga waliosimama kwa miguu miwili wakichuma majani, na mamba na viboko wa mto Galana. Hao wote 300 inawatosha. Ukipenda ndege, wale heroe wa mdomo wa mto Sabaki au ndege wa pwani wa Mida, 300 itakutia hamu isiyoshibishwa, na hapo ndipo 500 au 600 ina maana. Usidhani dereva atakusogeza. Hifadhini gari haliruhusiwi kuacha njia, na wewe huruhusiwi kushuka, isipokuwa penye mahali palipotengwa kwa hilo. Umbali umeshapangwa na barabara na mnyama mwenyewe.

Kuna jambo moja la sensa linalowafaa wenye mfuko mwembamba. Ile sensa ya wastani ni ndogo kuliko ya kitaalamu, ambayo ni 36 kwa 24. Kwa kuwa ni ndogo inakata kingo za picha, na lenzi ya 300 inaonekana kama 450 kwenye Nikon au Sony za aina hiyo. Canon wao wanazidisha kwa 1.6, hivyo 250 yao inafanya kazi ya 400. Zile za Olympus na Panasonic zenye sensa ndogo zaidi zinazidisha kwa 2. Watu hulia kwamba hawana kamera ya "fremu nzima". Kwa wanyama wa mbali, kutokuwa nayo ni nafuu.

Basi ikiwa milimita zinapatikana kwa bei ndogo, kwa nini lenzi nyingine inauzwa bei ya gari? Hapo ndipo penye dhana ambayo mpwa wangu hakuwahi kuisikia, na ni kubwa kuliko milimita: mwanga. Kwenye kila lenzi kuna nambari kama f/4 au f/6.3. Ni urefu wa fokasi uliogawiwa kwa upana wa tundu linaloingiza mwanga, ndiyo maana nambari ndogo ni tundu kubwa. Lenzi ya 600 yenye f/4 inadai kioo cha mbele chenye upana wa milimita 150, sawa na sahani ndogo ya chai. Kuchonga kioo kama hicho bila dosari ndiko kunakolipiwa. Ya 300 yenye f/5.6 inataka milimita 54 tu. Kutoka f/5.6 kwenda f/2.8 unapata mwanga mara nne, na bei, nadhani, hupanda zaidi ya hapo.

Mwanga huo unanunua kasi, yaani ufupi wa muda ambao kamera inafunguka kupokea picha. Mkono ukitikisika kidogo, lenzi ndefu inautanua mtikisiko pamoja na mnyama. Kanuni ya wazee wa kazi ni kwamba kasi isiwe chini ya moja juu ya milimita unazotumia. Ukiwa kwenye 450, basi 1/500 ya sekunde. Lenzi zenye herufi IS kwa Canon, VR kwa Nikon, OS kwa Sigma au VC kwa Tamron zina mtambo wa kutuliza mtikisiko, na ningeacha lenzi yoyote ya bei nafuu isiyo nao. Ila mtambo unatuliza mkono wako tu. Swala akikurupuka, ni kasi peke yake inayomsimamisha.

Na sisi tuna jua. Saa mbili asubuhi Tsavo, f/5.6 inatosha kabisa na mwanga unabaki. Anayelipia f/2.8 analipia dakika arubaini za alfajiri na nusu saa ya magharibi. Ni dakika tamu, sikatai, simba huwa ameamka. Lakini kwa mtu anayekwenda safari mara moja kwa mwaka, ongeza ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kubali chengachenga kidogo kwenye picha, na pesa ile lipia siku ya pili hifadhini. Siku ya pili imenipa mimi picha nyingi kuliko lenzi yoyote.

Kwa vitu vyenyewe: ningeanza na kamera ya mtumba ya aina ile yenye kioo cha kuakisi ndani (DSLR), kwa sababu watengenezaji wamehamia kwenye zisizo na kioo na za zamani zimeshuka bei. Iunganishe na Canon ya 55 mpaka 250 yenye herufi IS na STM, ambayo ina gramu 375 na haikuchoshi, au Nikon ya 70 mpaka 300 yenye VR. Hapa pana mtego: zile za Nikon zilizoandikwa AF-P hazifokasi, yaani hazilengi picha ikawa kali, kwenye baadhi ya bodi zao za zamani. Mwambie muuzaji aziunganishe mbele yako. Sigma na Tamron wana za 150 mpaka 600 kwa wapenda ndege, lakini zina uzito wa kilo mbili hivi, na kwa mkono mtupu kilo mbili zinakuwa sita baada ya robo saa. Ukizitaka kwa safari moja, ulizia za kukodi Nairobi.

Njia nyingine ni kamera moja isiyobadilisha lenzi, kama Nikon P900 ya 2015, inayoitwa ya milimita 2000. Lenzi yake ya kweli inaishia 357. Hiyo 2000 ni ya kulinganisha, kwa sababu sensa yake ni ndogo kama ukucha wa kidole kidogo. Mchana inafurahisha sana, hasa watoto, na utaona hadi kupe kwenye sikio la nyati. Jua likizama inakuwa kipofu. Kwa asiyetaka kujifunza mengi, naona ni chaguo la heshima. Kipande kile cha kuongeza milimita kinachowekwa kati ya kamera na lenzi nisingekinunua: cha mara 2 kinakula robo tatu ya mwanga, na kwenye lenzi ya f/5.6 kamera inaweza kushindwa kufokasi kabisa. Na lenzi ya 500 yenye f/8 inayotumia vioo vya kuakisi, ile ya bei ya kuchekesha, haifokasi yenyewe, unaizungusha kwa mkono. Simba hatakusubiri.

Kitu bora kuliko vyote hakiuzwi dukani kwa kamera. Shona mfuko wa kitambaa kigumu, utie kilo mbili za choroko, uuweke kwenye dirisha la gari au ukingo wa paa, ulaze lenzi juu yake. Mwombe dereva azime injini, maana mtetemo wa injini hupanda hadi kwenye picha. Na ikifika saa nne, mvuke wa joto ukianza kucheza juu ya ardhi, acha kupiga vya mbali. Hata lenzi ya bei ya nyumba itakupa simba anayeyeyuka.

Unaponunua kilichotumika hapa pwani, chukua tochi. Fungua vifuniko vyote viwili vya lenzi, mulika upande mmoja, tazama upande wa pili. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Unyevu wetu unailisha, na lenzi iliyokaa kabatini Malindi miaka mitatu bila kuguswa ni ya kushuku kuliko iliyopiga picha kila siku. Vumbi chembe mbili tatu halina neno. Kuvu irudishe, hata kama bei imeshuka nusu. Zungusha zumu usikilize: vumbi jekundu la Tsavo likishaingia, pete inasaga kama kinu. Ukishanunua, hifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu. Usitumie mchele, una unga.

Mpwa wangu alichukua 70 mpaka 300 ya mtumba. Mara hii simba anatambulika, na masharubu yanahesabika. Choroko za mfuko zilikuwa za mamake, alizichota bila kuomba, na zimerudi jikoni zikiwa na rangi ya ndovu wa Tsavo.