Mafaili Mawili, Jina Moja: Linganisha Kabla ya Kufuta

Mtu huja kwenye dawati letu la msaada wa kompyuta akiwa na flashi mkononi na swali moja: "Nina ripoti_mwisho na ripoti_mwisho_kabisa. Nifute ipi?" Nikimuuliza yeye anadhani ipi, hunionyesha tarehe. Hii ilihifadhiwa jana, ile wiki iliyopita, basi ya jana ndiyo yenyewe. Hapo ndipo kazi za watu hupotelea. Tarehe inakuambia faili limehifadhiwa lini, haikuambii ndani mna nini. Fungua faili la zamani kwa bahati mbaya, gusa nafasi moja tupu, hifadhi: tayari limekuwa "jipya" kuliko lile ulilolihangaikia siku tatu.

Jibu langu huwa ni kwamba tusifute lolote kwanza, tuyalinganishe. Programu za kazi hiyo zipo, na zilizo nzuri hazilipiwi. Kwenye Windows huwa naanza na WinMerge, kwenye Linux Meld, na KDiff3 inapatikana kote kuwili. Zote tatu ni programu huria zenye leseni ya GPL, maana yake unaweza kuziweka kwenye kompyuta nyingi upendavyo, na msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na watengenezaji wake, uko wazi kwa anayetaka kuukagua. WinMerge ichukuliwe winmerge.org kwenyewe, kwa sababu tovuti zinazokusanya programu za wengine mara nyingine hukubandikia na vitu usivyoviomba.

Ukifungua mafaili mawili ya maandishi kwenye WinMerge, yanakaa ubavu kwa ubavu. Mistari inayolingana inabaki nyeupe, inayotofautiana inapakwa rangi ya manjano, na pale ambapo upande mmoja una mistari ambayo mwingine hauna, panaachwa pengo la kijivu. Ndani ya mstari wenyewe, neno au tarakimu iliyobadilika hukolezwa rangi. Hapa ndipo mashine inapomshinda binadamu. Jicho likisoma "vifaa 1,250" kushoto na "vifaa 1,520" kulia, hasa saa tisa alasiri, linapita tu. Programu haipiti. Bonyeza Alt na mshale wa chini uende kwenye tofauti inayofuata. Alt na mshale wa kulia unahamisha cha kushoto kwenda kulia, na mshale wa kushoto unafanya kinyume chake. Hakuna kilichobadilika kwenye diski mpaka uhifadhi.

Inajuaje kipi kimeongezwa na kipi kimeondolewa? Tuseme faili la kushoto lina mistari minne: Utangulizi, Malengo, Bajeti, Hitimisho. La kulia lina Utangulizi, Mbinu, Malengo, Hitimisho. Ukilinganisha mstari wa pili kwa wa pili na wa tatu kwa wa tatu, utasema yote miwili imebadilika. Programu hutafuta kwanza mfuatano mrefu kuliko yote unaopatikana pande zote mbili kwa mpangilio uleule: Utangulizi, Malengo, Hitimisho. Kilichobaki nje ya mfuatano huo ndicho tofauti: Mbinu imeingia, Bajeti imetoka. Ndivyo ilivyofanya diff, mama wa programu hizi, iliyotoka na Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, mwaka 1974. Douglas McIlroy na James Hunt walichapisha maelezo ya hesabu yake mwaka 1976 huko Bell Labs, Marekani. Njia hii ina kasoro yake: aya uliyoihamisha kutoka ukurasa wa kwanza kwenda wa tatu itaonekana imefutwa huku na kuandikwa upya kule. WinMerge ina mpangilio wa kutambua aya zilizohama, lakini lazima uuwashe mwenyewe.

Kulinganisha mafaili mawili kunatosha mpaka siku mnapokuwa watu wawili. Wewe umehariri nakala yako, mwenzako ya kwake, na sasa kushoto pameandikwa kikao ni Jumanne, kulia Alhamisi. Nani kabadilisha? Mafaili mawili hayawezi kulijibu swali hilo hata ukiyakodolea macho mchana kutwa. Linahitajika la tatu, yaani nakala mliyoanza nayo kabla hamjaachana. Ikiwa kwenye asili paliandikwa Jumanne, basi aliyebadilisha ni mwenzako, na programu inachukua Alhamisi bila kumuuliza mtu. Ikiwa asili ilisema Jumatatu, wote wawili mmebadilisha, kila mtu kivyake. Huo ni mgongano, na programu nzuri husimama hapo imsubiri binadamu. KDiff3 inafanya jambo hili kwa uwazi mkubwa: asili inawekwa A, nakala zenu B na C, na dirisha la nne chini linaonyesha matokeo yanayojengeka, huku ukichagua kwa kubofya herufi. Meld na matoleo ya karibuni ya WinMerge nayo yanapokea mafaili matatu. Kwa hiyo mkitaka kugawana hati, wekeni kwanza nakala moja ya asili pembeni, isiguswe na yeyote.

Kwenye folda mambo ni yaleyale, ila hatari imezidi, kwa sababu mbofyo mmoja unagusa mamia ya mafaili. Programu inakupa orodha: haya yanafanana, haya yanatofautiana, haya yako kushoto tu, haya kulia tu. Hilo la "kushoto tu" lisomeni taratibu. Huenda faili ni jipya na halijanakiliwa kulia. Huenda pia lilikuwapo kulia na mtu akalifuta kwa makusudi. Kwa programu inayotazama hali ya sasa peke yake, mambo hayo mawili hayana tofauti hata chembe. Anayesawazisha folda mbili kila mara afikirie Unison, nayo ni huria, ambayo hukumbuka folda zilikuwaje mara ya mwisho na hivyo hutambua kilichofutwa na kilichoongezwa.

Chagua pia kulinganisha kwa yaliyomo, hata kama kunachukua muda. Flashi nyingi zimeumbizwa kwa FAT32, mfumo unaoandika saa ya mabadiliko kwa hatua za sekunde mbili, kwa hiyo faili lilelile linaweza kuonekana limetofautiana na la kwenye kompyuta kwa sekunde moja. Na ukiona kila mstari wa faili umepakwa rangi ilhali maneno ni yaleyale, usishtuke: Windows humaliza mstari kwa alama mbili zisizoonekana, Linux kwa moja. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kupuuza tofauti hiyo. Kupuuza nafasi tupu nako kunasaidia kwa barua na ripoti, ila si kwa msimbo wa Python, lugha ya kuandikia programu, ambako nafasi za mwanzo wa mstari zina maana.

Hati za Word ni habari nyingine. Faili la docx kwa ndani ni furushi lililobanwa la zip, hivyo programu ya kulinganisha maandishi ikilifungua bila kiongezi, yaani kiprogramu cha ziada cha kulisoma, itakwambia tu kwamba mawili hayafanani. Kwa hizo tumia LibreOffice Writer, ambayo pia ni huria: fungua toleo jipya, nenda kwenye menyu ya kuhariri, sehemu ya kufuatilia mabadiliko, uchague kulinganisha hati, kisha uonyeshe lile la zamani. Mabadiliko yatatokea kwa rangi, nawe utayakubali au kuyakataa moja moja.

Kuna tovuti zinazofanya kazi hii bila kusakinisha chochote: unabandika maandishi huku, unabandika kule, basi. Kwa shairi sina neno. Kwa mkataba, orodha ya mishahara au matokeo ya wagonjwa, maandishi hayo yanaweza kuishia kwenye seva ya mtu usiyemjua, ilhali WinMerge na wenzake hufanya kazi hata waya wa intaneti ukiwa umechomolewa.