Kusi na kaskazi ya juu kabisa

Barazani Mji wa Kale, nahodha mmoja mstaafu aliniuliza: "Mwanangu, hilo puto lenu mkiliachia, laenda wapi?" Nikamjibu laenda na upepo. Akacheka. "Upepo upi?"

Swali hilo liliwahi kuwasumbua wataalamu miaka mingi.

Puto letu la kupima hali ya hewa ni la mpira, hujazwa hidrojeni au heliamu, chini yake tukaning'iniza kisanduku cha vipimo chenye redio. Linapopanda, kanieneo ya hewa hushuka, nalo huvimba mpaka likapasuka kwenye kilomita 30 hivi. Mpira wenyewe ni mwembamba mno. Nikiwa mwanagenzi nilisahau kuvua pete. Puto lilikuwa limekaribia kujaa, likatoboka mikononi mwangu. Mkufunzi hakunisemesha mpaka saa ya chakula.

Mlima Krakatoa ulipolipuka mwaka 1883, vumbi lake lilizunguka dunia kwenye ikweta kuelekea magharibi kwa kama wiki mbili. Basi ikaaminika kwamba huko juu upepo watoka mashariki, daima. Mwaka 1908 Mjerumani Arthur Berson akaja huku kwetu Afrika Mashariki, akarusha maputo Ziwa Victoria. Kwenye stratosfia, tabaka la hewa lililo juu ya mawingu, akakuta upepo watoka magharibi! Nani kakosea? Vitabu vikaamua kuwaridhisha wote: upepo wa magharibi ukachorwa kama utepe mwembamba chini ya ule wa mashariki. Suluhu ya kinyumba, naiita mimi.

Kumbe hakuna aliyekosea. Maputo yaliporushwa kila siku mwaka hata mwaka, Richard Reed wa Marekani na Ebdon wa Uingereza, kila mtu kivyake, wakaona mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba upepo huo hugeuka. Hutoka mashariki, kisha magharibi, na mzunguko mzima huchukua kama miezi 28. Mgeuko huanzia juu sana, ukateremka kama kilomita moja kwa mwezi. Kinachousukuma ni mawimbi ya hewa yanayopanda kutoka mawingu mazito ya mvua za tropiki, wala si majira ya jua kama kusi na kaskazi zetu. Ndiyo maana haufuati kalenda ya mwaka.

Nahodha alihesabu kwa vidole, miezi 14 kwenda, 14 kurudi. "Mabaharia wa huko," akasema, "wote wangeoa ugenini."