Miasthenia gravisi: maswali ya dozi, saa na dawa za kuepuka

Wagonjwa wa miasthenia gravisi si wengi Lamu, na kwa sababu hiyo wengi wao huishia kuambiwa ni uchovu, jicho baya au uzee. Huu ni ugonjwa wa misuli kulegea kadiri inavyotumika. Asubuhi mtu yu mzima, alasiri kope zimeanguka, anaona vitu viwiliviwili, anashindwa kutafuna. Kingamwili za mwili wenyewe hushambulia pale mshipa wa fahamu unapoupa msuli amri. Dawa zipo, na zimewasaidia watu kwa miaka mingi: mwaka 1934 huko London daktari Mary Walker alionyesha kwamba sindano ya fisostigmini huzirudishia nguvu kope zilizolegea, na piridostigmini ya leo ni ya ukoo huohuo.

Nimeandikiwa piridostigmini ya miligramu 60, mara nne kwa siku. Naweza kuzipanga kwa adhana ili nisisahau?

Nakusihi usifanye hivyo. Kidonge huanza kazi baada ya nusu saa hadi saa nzima, na nguvu yake hudumu saa tatu hadi sita hivi. Toka Alfajiri hadi Adhuhuri ni zaidi ya saa saba, kwa hiyo utalegea kabla ya mchana kuingia. Kisha Maghrib na Isha zinakaribiana, utameza viwili karibu pamoja. Muulize daktari wako saa kamili, uziweke kwenye simu. Kama tatizo lako ni kutafuna au kumeza, mwombe dozi ziangukie nusu saa au zaidi kabla ya chakula, upate nguvu ya kuutafuna mkate wa mofa. Dozi ikikupita, meza moja ukumbukapo, wala usizirundike mbili. Na kwa unyevu wa huku kwetu, acha vidonge ndani ya chupa yake iliyofungwa vizuri, maana huvuta maji hewani.

Nikihisi nimelegea, si niongeze kimoja tu?

Hapa ndipo watu wanapoumia. Dawa ikipungua, misuli hulegea. Ikizidi, misuli hulegea vilevile. Dalili za kuzidi ni mate na machozi mengi, jasho, tumbo kusokota na kuharisha, misuli kurukaruka. Mgonjwa akilegea huku anatokwa na mate, kidonge kingine chaweza kumpeleka pabaya. Weka daftari: saa uliyomeza, saa uliyolegea, tumbo lilikuwaje. Ukienda kliniki na daftari hilo, daktari atajua kama ni kuongeza dozi, kusogeza saa au kupunguza.

Nimeanza prednisoloni na nimezidi kudhoofika. Niache?

Usiache ghafla, mwili hauwezi kustahimili. Kwa baadhi ya wagonjwa dawa hii, ambayo ni steroidi ya kutuliza kinga ya mwili, huzidisha udhaifu katika wiki za mwanzo kabla ya kusaidia, na ndiyo sababu madaktari wengi huanza na dozi ndogo na kupanda polepole. Mpigie daktari siku hiyohiyo. Imeze asubuhi baada ya kula, na upimwe sukari na presha. Azathioprini, dawa nyingine ya kutuliza kinga ya mwili, nayo ina subira yake: huchukua miezi sita hadi mwaka, au zaidi, kuonyesha kazi, na damu na ini lazima vipimwe wakati wote huo.

Dawa gani nisizinunue dukani?

Kwangu swali hili ni kubwa kuliko yote, kwa kuwa antibiotiki huku hununuliwa kama panadol. Siprofloksasini ya tumbo au mkojo, azithromaisini na erithromaisini za kifua, na sindano ya jentamaisini, zote zaweza kulegeza misuli vibaya. Propranololi ya presha imo, na hata timololi ya matone ya macho. Magnesiamu ya sindano, ambayo mama wajawazito hupewa kwa kifafa cha mimba, ni hatari mno.

Halafu malaria. Kwinini na klorokwini ziepukwe. Ukipata homa, pima kwanza, na mwambie anayekutibu jina la ugonjwa wako kabla hajaandika chochote. Mseto wa artemeta na lumefantrini haumo katika kundi hilo, na malaria kali hutibiwa kwa sindano ya artesuneti. Andika orodha ya dawa hizi kwenye kadi, uitie mfukoni, na wa nyumbani wajue ilipo.

Je, Ramadhani nifunge?

Mfungo wetu hupita saa 13, na kidonge hakifiki hata nusu yake. Aya za 184 na 185 za Suratul Baqara zimempa mgonjwa ruhusa. Kaa na daktari na shehe wako kabla ya mwezi kuandama, na usiamue peke yako kuhamishia dozi zote usiku.

Nitajuaje kwamba hali ni ya hatari?

Ukishindwa kumeza mate, sauti ikififia, ukikosa pumzi unapolala chali, au ukishindwa kuhesabu hadi 20 kwa pumzi moja, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Aliye Shela, Matondoni au Pate aanze kutafuta boti dalili ya kwanza inapotokea. Beba vidonge vyako, daftari na ile kadi, na umwambie wa kwanza kukupokea: nina miasthenia, na pumzi yangu inapungua.