Je, wajua kwa nini rangi mpya ya ndani ya gari hubanduka kwa ukucha?

Paneli ya mlango wa gari la miaka ishirini ikipulizwa rangi, siku ya kwanza hupendeza. Imekauka, hainati, mikwaruzo yote imefichika. Wiki ya tatu, pale mkono unaposhika kuvuta mlango, kona moja inainuka. Iguse kwa ukucha: inatoka utepe mzima kama ganda la kitunguu, na chini yake plastiki ya zamani iko vile vile, haina hata doa la rangi. Wengi hulaumu kopo. Mara nyingi kopo halina kosa. Rangi hiyo haikushika plastiki hata siku moja. Ilikaa juu ya utando wa mafuta ikisubiri kusukumwa.

Mafuta hayo hutoka pande mbili. Upande wa kwanza ni dawa za kung'arisha dashibodi, ambazo nyingi zina silikoni. Silikoni haikauki ikaisha, wala haitoki kwa kufutwa mara moja na kitambaa chenye sabuni. Rangi ikitua juu yake hujikunja na kuacha vishimo vidogo vya mviringo, ambavyo wapaka rangi huviita macho ya samaki. Ukiviona, usiongeze rangi ukidhani vitafunikwa. Kila mkono wa rangi unaofuata, yaani kila tabaka, utajikunja pale pale.

Upande wa pili ni plastiki yenyewe. Ngozi bandia inayofunika dashibodi na siti nyingi ni PVC, jamaa ya bomba gumu la maji. Kinachoifanya iwe laini ni kilainishi cha mafuta kilichochanganywa nayo kiwandani. Gari likiachwa juani vioo vimefungwa, uso wa dashibodi unaweza kupita nyuzi 80 za Selsiasi, na kilainishi hutoka kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka. Kingine hubaki usoni kama utando. Kingine hupanda na kutua kwenye kioo cha mbele, ule ukungu wa mafuta unaorudi kila baada ya kufuta. Dashibodi inayobaki hukakamaa, husinyaa, na mwisho hupasuka, hasa karibu na kioo na kwenye kingo za matundu ya hewa. Hakuna mafuta ya kupaka juu yatakayorudisha kilichotoka ndani. Ufa hujazwa kwa kijazio kinachonyumbuka, au dashibodi hufunikwa upya.

Vitufe na vishikio vinavyonata kama peremende iliyolowa ni ugonjwa mwingine kabisa. Hiyo ni poliyurethini laini iliyopakwa juu ya plastiki ngumu ili ipendeze mkononi. Unyevu wa hewa huivunja polepole hadi igeuke gundi. Haisafishiki, huondolewa yote: spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kitambaa, kijiti cha plastiki cha kukwangulia, na subira. Angalia tu alama zilizochapwa kwenye vitufe, kwa sababu huondoka pamoja nayo.

Kuosha ndiyo kazi yenyewe

Ondoa paneli kwenye gari kabla ya kupaka. Kupulizia ikiwa imefungwa huacha mstari wa rangi ya zamani kwenye kila kiungo, na rangi huanza kubanduka kwenye mstari huo huo. Vibanio vya plastiki vya gari la zamani hukatika kama biskuti, basi chomoa paneli ndani ya gari kukiwa na joto, tumia kabari ya plastiki badala ya bisibisi, na nunua vibanio vya akiba kabla hujaanza. Kama paneli ina waya wa mfuko wa hewa (ule unaofumuka kumkinga mtu ajalini) ulio karibu, au siti ina mfuko wa ubavuni, chomoa kwanza waya hasi wa betri na usubiri dakika zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari. Umeme uliobaki kwenye mfumo unaweza kufyatua mfuko hata betri ikiwa imechomolewa. Plagi za mifuko hiyo kwa kawaida ni za njano.

Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, ukisugua kwa mswaki kufuata mchoro wa ngozi, kwa sababu uchafu umelala ndani ya mifereji, haupo juu. Suuza. Kisha sugua tena kwa sponji ngumu ya kijivu, ile laini kuliko ya kijani ya masufuria, ukiwa bado na maji ya sabuni, hadi mng'aro wote uishe. Msasa wa kawaida uwe kwa mikwaruzo tu, namba 320 kisha 400. Ukiupitisha paneli nzima utafuta mchoro, na mchoro ukishafutika haurudi.

Baada ya kukauka, inakuja hatua ambayo watu huikosea bila kujua: kiondoa nta na grisi. Kinahitaji vitambaa viwili. Cha kwanza kimeloa, kinalainisha mafuta. Cha pili kikavu, kinafuata nyuma yake papo hapo na kuyainua kabla dawa haijakauka. Ukitumia kimoja na kuacha dawa ikauke yenyewe, silikoni inabaki pale pale, imehamishwa sentimita chache tu. Geuza upande wa kitambaa kila baada ya kupitisha mara moja.

Sasa nyunyiza maji safi na uinamishe macho usawa wa paneli. Tafuta madoa ambapo maji yanakimbia na kujikusanya wakati pembeni yamebaki yametanda. Kila doa la namna hiyo ni mafuta. Rudi kwenye sabuni.

Geuza paneli usome mgongo wake

Usafi peke yake hautoshi kama hujui unapaka nini. Nyuma ya paneli nyingi kuna herufi zilizopigwa chapa kati ya alama mbili za mshale: >ABS<, >PVC<, >PP< au >PP-T20<. ABS, plastiki ngumu, hupokea rangi bila ubishi. PP, yaani polipropilini, ndiyo mkaidi: nguvu yake ya kuvutana na vimiminika ni ndogo, na hata ikiwa safi kabisa maji hukimbia juu yake, kwa hiyo kile kipimo cha maji hakiaminiki hapa. Rangi nayo hufanya vile vile.

Kuna mbinu ya kutumbukiza kipande majini, ikielea ni PP, ikizama ni ABS. Inafaa kwa PP tupu, ambayo uzito wake ni takriban gramu 0.9 kwa sentimita ya ujazo. Lakini ile T20 maana yake ni asilimia 20 ya unga wa talki umechanganywa, na unga huo huizamisha sawa na ABS. Soma chapa. Isipokuwepo, ichukulie plastiki yoyote ngumu kama PP.

Dawa ya PP ni praima ya plastiki, yaani tabaka la kutangulia rangi, isiyo na rangi, yenye kemikali iitwayo poliolefini iliyotiwa klorini. Hupulizwa mkono mmoja mwembamba sana, haipigwi msasa, na rangi hufuata ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo, mara nyingi dakika 5 hadi 10, ingali inanata kidogo. Ukipitiliza muda, puliza nyingine. Praima ya bodi ya gari, ile nzito ya kijivu, usiilete humu. Hukauka ngumu, na juu ya kitu kinachobonyea hupasuka.

Kwa ngozi bandia laini, nunua rangi iliyotengenezewa vinili, yaani ile PVC laini. Hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo: makopo mengi yanayouzwa kwa jina la kutia rangi, kana kwamba ni rangi ya nguo, hayana rangi inayoingia ndani kama ile ya kitambaa. Ni rangi ya kawaida, nyepesi sana, yenye thina (kiyeyushi cha rangi) inayolainisha uso wa vinili kwa muda mfupi ili viungane. Ndiyo maana hushika vizuri, na ndiyo maana hushindwa ikipakwa nene.

Kupuliza

Weka kopo kwenye maji ya vuguvugu, si ya moto, kwa dakika chache, kisha litikise dakika mbili nzima baada ya gololi kuanza kugonga. Shika umbali wa sentimita 25. Anza kupuliza nje ya ukingo, pita hadi nje ya ukingo wa pili, na kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Mkono wa kwanza uwe kama vumbi, rangi ya zamani bado inaonekana. Watu wengi huharibia hapa, kwa hamu ya kuona kazi imekamilika. Subiri dakika 10 hadi 15, puliza wa pili, halafu wa tatu, na wa nne ikibidi. Rangi nene hukauka juu na kufungia thina chini, hivyo inabaki laini kwa wiki nyingi. Pia hujaza mchoro wa ngozi, na paneli ikaonekana kama ndoo.

Hewa ikiwa na unyevu mwingi rangi hugeuka nyeupe kama maziwa, kwa sababu thina inapoyeyuka hupoza uso na mvuke wa hewa hutua hapo kama umande. Fanya kazi siku kavu, joto la nyuzi 18 hadi 27. Vaa barakoa yenye kichujio cha kaboni. Ile ya vumbi haizuii mvuke wa thina.

Kabla ya yote hayo, jaribu mahali pa siri, kwa mfano nyuma ya kifuniko cha kasha la dashibodi. Baada ya saa 24, chora kwa wembe mistari sita, na mingine sita ya kuikata, nafasi ya milimita 2. Bandika tepu, ikandamize, ivute kwa nguvu. Miraba midogo ikitoka mizima, rudi kwenye kuosha.

Kuhusu uchaguzi wa rangi: beji (rangi ya mchanga) kwenda nyeusi ni rahisi, nyeusi kwenda beji ni kujitafutia kazi, maana kila mkwaruzo utaonyesha weusi wa chini. Na sehemu ya juu ya dashibodi iache iwe nyeusi au kijivu kizito, isiyong'aa. Ya rangi ya maziwa hujiakisi kwenye kioo cha mbele, na jua likiwa mbele dereva huona dashibodi yake badala ya barabara.

Siti, dari na zulia

Siti zinazoitwa za ngozi mara nyingi ni za ngozi pale unapokaa tu. Ubavu na mgongo ni vinili. Funua ukingo chini: ngozi ina manyoya manyoya, vinili ina kitambaa kilichofumwa. Ngozi ya siti ilishapakwa rangi na utando wa juu kiwandani, kwa hiyo mafuta ya kulainisha hayapenyi kama watu wanavyodhani, yanabaki juu na kuwa kizuizi kingine cha rangi. Isafishe, ifute kwa spiriti hadi rangi ya zamani ianze kutoka kwenye kitambaa, piga msasa namba 400 kisha 600 kwenye nyufa. Jaza nyufa kwa kijazio kinachonyumbuka kwa tabaka nyembamba, ukikwangua kwa kadi. Rangi ya maji ya ngozi huanza kwa sponji, ikisuguliwa iingie kwenye mikunjo, halafu mikono kadhaa myepesi ikikaushwa kwa mashine ya nywele, na mwisho utando usio na mng'aro. Asetoni inafaa kwa ngozi yenye rangi sugu, lakini tone moja likiangukia plastiki ya ABS iliyo kando litaiyeyusha.

Dari iliyoning'inia mara nyingi si tatizo la gundi. Kitambaa kina sponji nyembamba mgongoni, na sponji hiyo ndiyo imeoza ikawa unga. Kuchoma gundi mpya kwa sindano kupitia kitambaa ni kugandisha unga kwa unga. Toa ubao wa dari, sugua unga wote kwa brashi laini, kisha gundisha kitambaa kipya chenye sponji ya milimita 3 kwa gundi ya kupuliza inayostahimili joto, pande zote mbili, ukianzia katikati kwenda pembeni.

Zulia la nailoni hupokea rangi ya kitambaa. La polipropilini halipokei, libadilishe tu.

Vitu vitatu usivipake kabisa. Mikanda ya usalama, kwa kuwa thina inaweza kudhoofisha nyuzi zake. Kifuniko cha mfuko wa hewa, kwa sababu kina mstari mwembamba unaopaswa kuchanika kwa wakati wake, na rangi au kijazio huubana. Na pedali, ambazo rangi hufanya ziteleze chini ya kiatu.

Paneli zirudishwe baada ya saa 24, ila usizisugue wala kuegemea kwa wiki nzima. Mipira ya kuziba kingo za mlango hunata kwenye rangi changa na kuinyofoa, basi ipake unga wa talki kabla ya kufunga. Rangi iliyobaki hifadhi kwenye chupa ndogo yenye kifuniko cha kubana. Kwenye mshikio wa mlango, pale pete ya dereva inapogonga kila siku, utaihitaji kabla mwaka haujaisha.