Otopailoti hushika amri, haichungi safari

Mtu akifika nyumbani asikumbuke alipopita, husema ameendesha kwa otopailoti. Msemo huo umeshazoeleka mjini, na umewaachia abiria wengi dhana kwamba ndege ikishafika juu hujiendea yenyewe, rubani akawa mtazamaji tu. Sivyo. Otopailoti, yaani mtambo unaoendesha ndege, hushika kilichoamriwa na rubani, kama kimo, mwelekeo au mwendo. Vihisi hupima ndege ilivyokaa angani, kompyuta hulinganisha vipimo hivyo na amri, kisha mota husogeza vibao vya mabawa na mkia. Mwaka 1914, rubani na mvumbuzi Mmarekani Lawrence Sperry aliionyesha kazi hiyo juu ya mto Seine, Ufaransa: aliinua mikono yote miwili huku fundi wake akitembea juu ya bawa, na jairoskopu, kifaa chenye gurudumu linalozunguka kasi bila kubadili mwelekeo, ndiyo iliyoshika ndege isiyumbe.

Shida huanza pale amri inapobadilika bila mtu kugundua. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1972, ndege ya shirika la Eastern, safari namba 401, ilikuwa inakaribia kutua Miami, Marekani. Taa ya kuthibitisha kwamba gurudumu la mbele limeshuka na kujifunga mahali pake haikuwaka. Marubani walipanda hadi futi 2,000, wakawasha otopailoti, kisha wote wakashughulika na taa ile. Inaaminika usukani uligongwa kidogo, na ile amri ya kushika kimo ikatoka. Ndege ikaanza kushuka polepole mno, wala mwili haukuhisi. Kengele ya kimo ililia mara moja, hakuna aliyeijali. Ikaanguka kwenye kinamasi cha Everglades, na watu 101 wakafa. Ile taa ilikuwa imeungua balbu tu.

Ndiyo maana marubani hugawana kazi: mmoja akishughulikia hitilafu, mwenzake habandui macho kwenye vipimo, hata otopailoti ikiwa imewashwa.

Kwenye magari jambo hili ni nyeti zaidi, kwa sababu barabarani nafasi ya kurekebisha kosa ni sekunde chache. Mfumo wa magari ya Tesla unaoitwa Autopilot humtaka dereva aendelee kuangalia barabara, mikono ikiwa kwenye usukani, na awe tayari kuchukua uendeshaji wakati wowote. Gari lako likiwa na mfumo wa aina hiyo, soma kitabu chake kabla ya kuingia barabara kuu, ujue unajizima katika hali gani na unakuarifu kwa mlio upi.