Bosi, pointi na ziada za kufungua katika gemu za mafumbo za mkononi

Gemu ya mafumbo na majukwaa ni mchezo wa video ambao ndani yake mhusika hukimbia, huruka na kupanda ngazi, lakini kinachomzuia kufika mlangoni si adui peke yake, bali pia mpangilio wa chumba chenyewe. Ufunguo uko juu, mlango uko chini, swichi ya kushusha daraja iko upande wa pili, na mchezaji hana budi kusimama kwanza na kuwaza kipi kitangulie. Mfano ulio bora wa aina hii kwenye mashine ya mkononi, kwa maoni yangu, ni Donkey Kong ya Game Boy, iliyotolewa na Nintendo mwaka 1994. Gemu hiyo huanza kwa raundi nne zilezile zilizokuwa katika mashine ya Donkey Kong ya mwaka 1981. Mchezaji akishadhani kwamba amemaliza, anafunguliwa raundi nyingine 97, na jumla yake ni 101.

Kwa vijana wengi wa Dar es Salaam gemu hizi zimekuja kwa mlango wa nyuma, kupitia simu zenye programu zinazoiga mashine za zamani, na mara nyingi zimekuja bila kitabu cha maelekezo kilichokuwa ndani ya boksi. Matokeo yake ni kwamba maneno kama bosi, pointi na kufungua yanatumika kila siku barazani na katika mabanda ya gemu, lakini kazi ya kila kimoja ndani ya mchezo haielezwi. Wengi huviona kuwa ni vitu vitatu visivyohusiana: adui mkubwa wa mwisho, tarakimu zilizo juu ya skrini, na zawadi zinazotokea baada ya kumaliza. Katika gemu ya mafumbo vitu hivi vitatu vimebuniwa kutibu tatizo moja, na mtu akilielewa tatizo hilo ataelewa pia kwa nini vimepangwa jinsi vilivyopangwa.

Tatizo lenyewe ni kwamba fumbo hufa likishajibiwa. Mtoto aliyekwisha kujua kuwa nyumba isiyo na mlango ni yai hawezi tena kuumizwa kichwa na kitendawili hicho, hata kikitegwa na fundi wa kutega. Gemu ya kupigana au ya mpira haina shida hii, kwa sababu mpinzani hubadilika na mechi ya leo si ya jana. Chumba cha fumbo hakibadiliki. Mbunifu aliyetumia siku nyingi kukipanga anajua kwamba mchezaji hodari atakivuka katika dakika mbili na hatakuwa na sababu ya kukirudia. Kwa hiyo anatafuta njia za kukifanya chumba kilichojibiwa kiendelee kuwa na kazi.

Bosi ndiye njia ya kwanza. Bosi ni adui mmoja mwenye nguvu kuliko wote wa eneo lake, anayekaa mwisho wa dunia fulani ya mchezo, yaani kundi la raundi zinazokwenda pamoja, na ambaye bila kumshinda njia ya mbele haifunguki. Wazo hili ni la zamani kuliko mashine za mkononi. Gemu iitwayo dnd, iliyoandikwa mwaka 1975 kwa ajili ya mfumo wa kompyuta wa PLATO nchini Marekani, hutajwa mara nyingi kuwa ya kwanza kuweka adui wa namna hiyo, joka la dhahabu lililolinda hazina. Katika gemu za kupigana, bosi hupima wepesi wa vidole na wingi wa silaha. Katika gemu ya mafumbo jambo hilo halitoshi, na bosi akifanywa hivyo mchezo unakuwa umevunja ahadi yake, kwa kuwa umemfundisha mchezaji kuwaza saa nzima kisha ukamhukumu kwa mbio.

Bosi mzuri wa gemu ya mafumbo ni fumbo linalotembea. Jibu lake limekwisha kufundishwa katika vyumba vilivyotangulia, ila sasa linatakiwa kutolewa huku jambo fulani likikushambulia. Tazama mapambano dhidi ya Donkey Kong mwenyewe katika gemu ile ya 1994. Sokwe yuko juu, anatupa mapipa. Mario, mhusika anayeongozwa na mchezaji, yuko chini, hana bunduki wala upanga. Silaha pekee iliyopo ni pipa lilelile alilotupiwa. Katika raundi za nyuma mchezaji alizoea kuinua ufunguo juu ya kichwa, kutembea nao na kuutupa, na sasa kitendo hichohicho ndicho kinachomwangusha sokwe. Vilevile alifundishwa kwamba Mario anaweza kusimama kwa mikono, miguu ikiwa juu, na kwamba mkao huo unamkinga dhidi ya vitu vinavyodondoka. Aliyeupuuza akidhani ni pambo ataujutia hapa. Kanuni hiyohiyo, ya kumshinda bosi kwa kitu anachokirusha mwenyewe, inaonekana katika Kirby's Dream Land ya Game Boy ya mwaka 1992, ambako mti uitwao Whispy Woods hudondosha matofaa, naye Kirby huyavuta mdomoni na kumtemea.

Ndiyo maana ushauri wa kwanza kwa anayekwama kwa bosi ni kutomgusa kabisa katika jaribio la mwanzo. Kwenye baraza moja huko Sinza nilimsikia kijana akimwelekeza mdogo wake aliyekuwa ameishika simu kwa mikono miwili:

"Dogo, usimkimbilie. Mwache atupe kwanza."

"Nitakufa, kaka."

"Hufi. Hesabu anavyotupa. Akishamaliza anapumzika, hapo ndo unaokota."

Maelekezo hayo yamebeba karibu kila kitu. Bosi wa gemu hizi huenda kwa mzunguko: anashambulia kwa mpangilio fulani, kisha anaacha upenyo mfupi, kisha anarudia. Mchezaji anayetazama mizunguko miwili au mitatu bila kushambulia anaujua mpangilio, na akishaujua, kazi iliyobaki ni utulivu. Kwa kawaida bosi akipigwa anaongeza kasi au anabadilisha mtindo, ili aliyebahatisha pigo la kwanza asimalize pambano kwa bahati. Kurudiarudia huku ndiko kunakoitibu ile shida ya fumbo kufa: unalijua jibu tayari, lakini unatakiwa kulithibitisha tena na tena katika mazingira yanayozidi kuwa magumu.

Udogo wa mashine nao umechangia. Skrini ya Game Boy ya mwaka 1989 ilikuwa na pikseli, yaani nukta za picha, 160 kwa 144, na ile ya Game Boy Advance ya mwaka 2001 ilikuwa na 240 kwa 160. Katika nafasi finyu kiasi hicho, bosi akiwa mkubwa sana hakuna pa kukimbilia, na uwanja ukiwa mpana kuliko skrini mchezaji anapigwa na kitu asichokiona, jambo ambalo katika gemu ya kuwaza ni dhuluma. Kwa hiyo mabosi wengi wa mkononi hupigana katika uwanja unaoonekana wote kwa wakati mmoja.

Njia ya pili ni pointi. Mwaka 1978 mashine ya Space Invaders ya kampuni ya Taito ilianza kuonyesha rekodi ya juu kabisa iliyofikiwa, na mwaka uliofuata Asteroids ikamruhusu mwenye rekodi kuandika herufi za jina lake. Katika mashine hizo za kutumbukiza sarafu, pointi zilikuwa ndiyo shabaha nzima, kwa sababu mchezo haukuwa na mwisho. Gemu ya mafumbo ina mwisho, na humo pointi zina kazi tofauti: zinauliza swali la pili juu ya chumba kilekile. Swali la kwanza lilikuwa kama unaweza kutoka. La pili ni kama unaweza kutoka vizuri, na neno "vizuri" hapa maana yake inaamuliwa na mbunifu kwa namna anavyogawa pointi.

Chukua Mario vs. Donkey Kong ya Game Boy Advance, iliyotoka mwaka 2004 kama mrithi wa ile ya 1994. Kila raundi ya kawaida ina saa inayohesabu kurudi nyuma, na muda unaosalia hugeuzwa kuwa pointi. Pia kuna zawadi tatu zilizotawanywa, ambazo si lazima kuzichukua ili kufika mwisho. Hapo mchezaji amewekwa kwenye njia panda: kila zawadi iko nje ya njia fupi, na kila hatua ya kuifuata inakula sekunde. Njia iliyomtoa mara ya kwanza sasa si nzuri tena, na inambidi atafute ile moja inayopita kwenye zawadi zote bila kurudi nyuma. Chumba kimekuwa fumbo jipya ingawa hakuna tofali hata moja lililohamishwa. Huu ndio utaratibu wa pointi ninaouheshimu kuliko wote, kwa sababu unalipa fikra. Utaratibu unaotoa pointi kwa kuua adui yuleyule anayezaliwa upya bila mwisho unalipa subira tu, na tarakimu zake hazimwambii mtu lolote kuhusu uwezo wa mchezaji.

Gemu hiyohiyo inaunganisha pointi na bosi kwa namna ambayo ingefaa kuigwa zaidi. Kabla ya pambano la mwisho wa kila dunia, mchezaji huongoza vikaragosi sita vidogo vya Mario hadi kwenye sanduku lao. Idadi ya vikaragosi vitakavyofika salama ndiyo kiasi cha uhai atakaokuwa nao Mario mbele ya Donkey Kong. Aliyeviongoza kwa uzembe akafikisha vichache anaingia ulingoni akiwa dhaifu, na ubora wa kazi yake ya jana unaonekana katika mwili wa mhusika wake leo.

Toleo jipya la gemu hii, lililotolewa kwa mashine ya Switch mwezi Februari 2024, limeongeza dunia mbili na mtindo mwepesi wa kucheza usio na ukomo wa muda. Naona uamuzi huo ni wa busara kwa watoto na kwa wanaojifunza. Hata hivyo anayecheza kwa mtindo huo ajue kwamba amebakiwa na lile swali la kwanza tu, kwa sababu pasipo saa hakuna kinachomlazimisha kuchagua kati ya njia mbili.

Njia ya tatu ni ziada za kufungua, yaani sehemu za mchezo zilizofungwa tangu mwanzo na ambazo hupatikana kwa kutimiza sharti fulani: raundi ngumu zaidi, wahusika wengine, michezo midogo, au nafasi ya kusikiliza muziki na kutazama michoro. Neno kufungua linafaa kabisa, maana kitu chenyewe tayari kimo ndani ya katriji, yaani kile kidude chenye gemu kinachochomekwa kwenye mashine, siku unapoinunua. Kinachobadilika ni ruhusa. Super Mario Land ya mwaka 1989, kwa mfano, ikimalizwa humfungulia mchezaji mzunguko wa pili wenye maadui wengi zaidi, na huo nao ukimalizwa humruhusu kuchagua raundi ya kuanzia. Kirby's Dream Land humwonyesha aliyemaliza mchanganyiko wa vitufe vya kubonyeza ili apate mchezo mgumu zaidi. Siri hiyo hupitishwa kwa mdomo, na aliyeambiwa na rafiki ataingia hata kama hajamshinda bosi hata mmoja.

Ziada zilitegemea pia kumbukumbu ya kifaa. Tetris ya Game Boy ya mwaka 1989 haikuwa na betri ya kuhifadhi ndani ya katriji, kwa hiyo rekodi zote zilifutika mashine ilipozimwa. Donkey Kong ya 1994 ilikuwa nayo, na bila betri hiyo raundi 101 zingekuwa adhabu. Ikaja Mario vs. Donkey Kong ambayo, baada ya hadithi kuu kumalizika, humfungulia mchezaji kundi jingine la raundi, na humpa nyota kila anapoivuka rekodi iliyowekwa katika raundi, kisha nyota hizo humfungulia raundi za mabingwa. Hapo mnyororo unakamilika: chumba kilichojibiwa kinarudiwa kwa ajili ya pointi, pointi zinaleta nyota, na nyota zinaleta chumba ambacho hakijajibiwa.

Kwa anayecheza kwenye simu kuna mambo mawili yanayoubadilisha mnyororo huu. La kwanza ni kwamba programu za kuiga mashine za zamani humruhusu mtu kuhifadhi mchezo mahali popote, hata katikati ya pambano. Akihifadhi kila baada ya pigo moja, bosi anageuka vipande vidogo visivyo na uzito, na ule uthibitisho wa kurudia jibu chini ya shinikizo unapotea kabisa. Ni vyema kuhifadhi mlangoni kwa bosi, kwa ajili ya umeme na chaji, kisha kupigana pambano zima bila kugusa kitufe hicho. La pili linahusu gemu nyingi mpya za simu, ambazo ziada zake hufunguliwa kwa malipo au kwa kutazama tangazo. Sharti la aina hiyo haliulizi chochote kuhusu chumba ulichokivuka, na mchezaji aliyelipa hana sababu ya kurudi raundi ya tatu kutafuta njia fupi kuliko ile aliyopita mara ya kwanza.